Nauli ya Mwandishi wa Safari

Makala nyingi za safari zinazoandikwa kuhusu Tanzania huishia kulekule: Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro, Zanzibar. Kanda ya kati imebaki sehemu ya kupitia. Basi linasimama Dodoma, abiria wanakunywa chai, safari inaendelea. Ukiuliza sababu utajibiwa kwamba katikati ya nchi hakuna cha kuona, ni ukame, mibuyu na ofisi za Serikali. Jibu hilo limerudiwa mno hadi limezoeleka kama ukweli, nami nalipinga. Mahali hapaandikwi kwa sababu ni pazuri. Panaandikwa kwa sababu kuna mtu alilipa nauli ya mwandishi kufika pale.

Kaskazini wapo walipaji. Kuna kampuni za watalii, kambi na hoteli ambazo msimu wa masika vyumba vyake hubaki vitupu, na kumlaza mwandishi siku tatu katika chumba kisicho na mgeni hakumtii mwenye hoteli hasara kubwa. Mwandishi anarudi na picha za simba, na makala inalitaja jina la kambi kila baada ya aya mbili. Hakuna aliyevunja sheria. Lakini huyo mwandishi hakuchagua pa kwenda, alichaguliwa. Kondoa, Mpwapwa, Manyoni na Mkalama hakuna wa kumwalika, kwa hiyo haziandikwi. Kwa kuwa haziandikwi hazipati wageni, na pasipo wageni hakuna anayejenga hoteli ambayo kesho ingemwalika mwandishi. Anayeweza kuuvunja mzunguko huu kwa gharama ndogo kuliko wote ni mwandishi wa kujitegemea, yule anayepanda milima, anayeendesha baiskeli vijijini, anayelala kwenye hema na kuishi kwa kuuza anachokiandika. Huyo ndiye tunayemlipa wa mwisho.

Tupige hesabu ya safari moja. Kolo, kijiji chenye ofisi ya mambo ya kale inayosimamia michoro ya miambani ya Kondoa, kipo kiasi cha kilomita 180 kaskazini ya Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Babati na Arusha. Tangu lami ikamilike, kutoka Dodoma mjini ni safari ya asubuhi moja, na nauli ya basi mtu wa kawaida anaimudu. Gharama zinaanza ukishuka. Bodaboda ya kukufikisha chini ya kilima, kiingilio, mwongozaji, chakula, kitanda Kondoa mjini, kisha bodaboda tena kesho yake kwa sababu kilima cha pili hakiko jirani na cha kwanza. UNESCO ilipoliingiza eneo hili kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006 ilitaja mapango na kuta za miamba zaidi ya 150 zenye michoro, zilizotawanyika katika kilomita za mraba zaidi ya 2,300. Kolo, Pahi, Thawi, Kisese: kila moja ni siku yake na jasho lake. Ongeza bando la intaneti, ongeza betri za kamera. Halafu makala inatumwa, inakaa, inatoka, na malipo yanafuata baada ya kutoka, mara nyingine baada ya miezi na simu nyingi za kukumbushia. Na hayo malipo ni ya makala moja, bei ileile anayopata aliyeandika akiwa amekaa ukumbini mjini.

Huo ukumbi wa mjini ndio unaotumaliza hapa Dodoma. Tangu Serikali ihamie, mji umejaa warsha, mafunzo, uzinduzi na vikao vya wadau. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni kuna Bunge la bajeti, na habari zinatafutwa umbali wa kutembea kwa miguu. Mwandishi wa kujitegemea anayeingia kwenye warsha anaondoka na posho ya nauli, amekunywa chai, amekula mchana, na habari yenyewe ameikuta imeshaandikwa kwenye taarifa iliyogawiwa mlangoni. Simlaumu. Ana kodi ya nyumba na ada za shule kama mtu mwingine yeyote. Ninachosema ni kwamba posho ya warsha imegeuka mshahara usio rasmi wa waandishi wa mji huu, na yeyote anayetaka kwenda Kondoa anaikosa posho ya siku hizo kwanza, kisha anatoa hela yake mfukoni kwa safari. Analipa mara mbili. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Kwa mwandishi wa safari wa kanda ya kati hiyo ndiyo bajeti ya mwezi.

Uhusiano kati ya mlipaji na kinachoandikwa una historia ndefu katika ardhi hii hii. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipita Ugogo, nchi ya Wagogo, mwaka 1857 wakiwa wametumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Mwaka 1871 alipita Stanley, na Stanley alikuwa mwandishi wa habari kazini, amelipiwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone. Alipita Mpwapwa, akaingia Ugogo, akakutana na watemi waliomtoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa vitambaa kama walivyotoza kila msafara. Kwa wasafiri hao, na kwa wasomaji wao huko ng'ambo, Ugogo ukawa nchi ya ukame na ya watoza ushuru wasumbufu. Lakini jaribu kuitazama njia hiyo kutoka upande wa mwenyeji. Nchi hii hupata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni kavu. Visima vilichimbwa na Wagogo, na nafaka ililimwa nao. Msafara wa mamia ya watu ukiingia unakunywa maji ya kijiji na kula akiba ya kijiji. Kutoza ilikuwa haki. Stanley hakuwa na sababu ya kuliandika hivyo, kwa kuwa gazeti lake halikumtuma kuwasikiliza Wagogo. Lilimtuma kuleta kishindo, naye akakileta.

Katika misafara hiyo alikuwepo Sidi Mubarak Bombay, aliyewatumikia Burton na Speke, kisha Stanley. Aliijua njia kuliko mabwana zake wote, na jina lake tumelipata kwa sababu wao walilitaja.

Wapo Waswahili waliopata nafasi ya kusimulia wenyewe. Mwaka 1901 msomi wa Kijerumani Carl Velten alichapisha masimulizi ya safari za Waswahili kwa Kiswahili chao, akiwemo Salim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896 akifuatana na bwana wake Mjerumani. Nawataja kwa makusudi, kwa sababu kijana akiniambia anataka kuandika safari huwa anadhani anaiga kazi ya Wazungu. Kusimulia safari kwa Kiswahili ni kazi yenye umri wa zaidi ya miaka 120 kwenye karatasi, na mdomoni ni ya zamani zaidi. Kilichokosekana ni mlipaji wa kwetu.

Sasa nieleze kwa nini nauli na siku za ziada zinabadilisha maandishi yenyewe, maana wahariri wengi hawaamini. Wanaona safari ya saa mbili na safari ya siku tano zitatoa makala ileile.

Pale Kolo kuna mchoro mmoja maarufu. Ni wa rangi nyekundu, watu watano wembamba warefu wamesimama mstari, na wa katikati ameshikwa mikono na wenzake wa kulia na wa kushoto. Wawili wa upande mmoja vichwa vyao vimechorwa tofauti, kana kwamba wamevaa kitu. Mary Leakey, aliyeinakili michoro ya Kondoa mwanzoni mwa miaka ya 1950, alisoma humo tukio la utekaji. Watafiti waliofuata waliutazama mchoro huohuo wakizikumbuka ngoma za Wasandawe, watu wanaoishi jirani na vilima hivyo mpaka leo na wenye lugha ya midoko (sauti za kugonga ulimi), ngoma ambazo ndani yake mchezaji hupagawa. Wakaona huenda ni mtu anayeshikwa na ndugu zake asianguke. Mwandishi aliyefika kwa saa mbili anaondoka na utekaji, kwa sababu utekaji unauza na ndio unaosimuliwa kwanza. Anayekaa atapata nafasi ya kuuliza Wasandawe wenyewe wanasemaje, ataona kuwa juu ya michoro myekundu ya zamani kuna mingine myeupe ya baadaye, na atagundua kwamba lile jiwe analolipiga picha kama kumbukumbu ya waliokufa ni mahali ambapo walio hai wanakuja kutambika. Mungomi wa Kolo, mojawapo ya maeneo hayo ya michoro, ni mahali pa ibada hadi leo. Kuna siku unaambiwa usipande, unasubiri chini. Mwandishi aliyelipiwa siku moja hana ya kusubiri.

Mfano mwingine unaonigusa zaidi, kwa sababu karibu hakuna anayeuandika. Ukitembea kwa miguu kutoka vilima vya Kolo kuelekea Haubi utavuka makorongo mekundu, mengine mapana na yenye kina cha kumfunika mtu. Wazee wa Kirangi watakueleza kwamba zamani hali ilikuwa mbaya kuliko hivi. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Fikiria maana yake kwa mtu ambaye ng'ombe ndiyo mahari, ndiyo maziwa, ndiyo akiba ya mwaka wa njaa. Majani yakarudi, miti ikarudi, na walioswaga ng'ombe wao kwenda mbali wakabaki na hesabu yao ya kilichopotea. Hii ni makala kubwa ya safari. Ina mandhari, ina kutembea, ina watu wanaokubaliana na wasiokubaliana. Haitoki kwa kupita na gari. Inatoka kwa kulala Haubi, kula ugali na mlenda kwenye nyumba ya mtu, na kurudi tena kwa yule aliyekuwa shambani siku ya kwanza.

Na kanda ya kati imejaa za namna hiyo. Kongwa kuna mabaki ya mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuvunjika 1951, na palepale baada ya uhuru palikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, FRELIMO wa Msumbiji wakiwemo. Singida ziwa la chumvi liko ndani ya mji, na heroe (flamingo) wanaonekana kutoka kwenye mawe makubwa yaliyo kando yake. Kilimatinde unasimama kwenye ukingo wa Bonde la Ufa na kutazama mbuga za Bahi chini. Itigi kuna kichaka kizito kinachomzuia hata mwenye panga. Nayapita haraka, lakini kila mahali hapo panahitaji mtu mwenye viatu na siku za kutosha.

Kizuizi kingine hakihusu hela, ingawa kinakula hela. Ukifika kijijini na kamera lazima uripoti, na ndivyo inavyopaswa. Barua inaanzia halmashauri, inashuka kwa mtendaji wa kata, inafika kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Karibu. Unatoka chombo gani?"

"Najitegemea, mzee. Naandikia magazeti na majarida tofauti."

"Sawa. Lakini aliyekutuma ni nani?"

Mzee yuko sahihi kuuliza. Amewaona watu waliopiga picha na kupotea, na amesikia habari za makanjanja waliotoza watu hela kwa vitisho. Sheria nayo inauliza swali hilohilo: Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati na kitambulisho. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizoanza 2018 zikaleta leseni za kulipia kwa wanaochapisha wenyewe. Ukitaka kurusha ndege isiyo na rubani kupata picha ya vilima kutoka juu, kuna vibali, ikiwemo kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kila kibali kina hoja yake. Kwa aliyeajiriwa, vibali hivyo vinashughulikiwa na ofisi, kwa gari la ofisi na muhuri wa ofisi. Anayejitegemea anavifuatilia mwenyewe, siku kwa siku, bila malipo. Barua moja ya mhariri, yenye muhuri, inayosema kwamba fulani ameagizwa na sisi kuandika makala hii, inaokoa siku mbili za kusubiri kwenye mabenchi ya halmashauri. Haigharimu gazeti chochote. Sijaelewa kwa nini ni ngumu kuipata.

Sasa amekuja mlipaji mpya: mtazamaji wa mtandaoni. Wengi wa vijana wanaoingia kazi hii siku hizi hawamtegemei mhariri. Wanategemea video itazamwe. Nawaheshimu, baadhi yao wanafika ambako magazeti hayajawahi kufika. Lakini mlipaji huyu naye ana masharti yake, na sharti kubwa ni hatari. Jarida moja la nje lilishawahi kunitaka niongeze sehemu ya nyoka. Video zinataka hivyohivyo. Ukweli wa porini kwetu ni tofauti. Kinachomuumiza mtu huku ni jua la saa saba bila maji ya kutosha, nyuki waliojificha kwenye ufa wa mwamba au tundu la mbuyu, na zaidi ya vyote ni bodaboda linaloteleza kwenye mchanga wa korongo. Nyoka yupo, naye anakukwepa. Mwandishi anayepamba nyoka na kuacha bodaboda anamwandaa vibaya msomaji atakayemfuata.

Tamaa ya picha inaharibu hata kile tunachokiandika. Wapo wanaomwagia maji mchoro wenye umri wa karne nyingi ili rangi ing'ae kwa dakika mbili mbele ya kamera. Maji hayo yanaacha chumvi juu ya mwamba yakikauka, na kila anayefuata anaona mchoro umefifia zaidi, naye anamwagia zaidi. Wapo wanaochapisha ramani kamili ya pango lisilo na mlinzi. Kondoa kuna imani ya siku nyingi kwamba Wajerumani walifukia mali wakati wa vita, na wachimbaji wa mali hiyo wameshachimba na kupasua mahali palipotakiwa kuachwa. Msimamo wangu katika hili ni mgumu: maeneo yenye mlinzi na mwongozaji, taja njia yote mpaka idadi ya ngazi. Yasiyo na mlinzi, eleza ulichoona na ufiche mahali. Msomaji hatakufa kwa kutojua.

Hali ni hiyohiyo kwa watu. Wahadzabe na Wasandawe wanafuatwa na kamera kana kwamba ni sehemu ya mapango. Kijana wa Kisandawe anayesoma Dodoma mjini na kupanda treni ya mwendokasi kwenda Dar es Salaam hayumo kwenye video hizo, kwa kuwa hafanani na kichwa cha habari. Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, ulikuwa ukiandikwa kama kilele cha kupanda kwa siku moja, njia, maji, muda. Desemba 2023 tope na mawe vikaporomoka kutoka mlimani hadi Katesh, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Waliokuwa wameuandika mlima bila kuwaandika wanaoishi chini yake hawakuwa na namba ya mtu wa kumpigia siku ile. Waliokuwa wamelala Katesh, wakanywa chai na wenyeji na kutunza namba zao, walijua pa kuanzia.

Nini kifanyike? Mimi naanzia kwa mhariri, kwa kuwa yeye ndiye mwenye uwezo wa kubadilisha jambo hili mwezi ujao bila kusubiri sera. Atume nauli na malazi kabla ya safari, hata kama malipo ya makala yatabaki baada ya kuchapishwa. Gazeti moja likishindwa, vyombo viwili au vitatu vichangie safari moja: gazeti lichukue makala, redio ichukue sauti za wazee wa Haubi, mtandao uchukue picha. Hii inawezekana kwa sababu hawagombanii msomaji mmoja. Makala ikiagizwa kisha ikakataliwa, mwandishi alipwe sehemu, maana alisafiri kwa neno la mhariri. Na atakayekubali mwaliko wa kampuni, mstari mmoja chini ya makala useme nani aligharamia. Msomaji ana haki ya kujua, na mwandishi mwenyewe anaandika kwa uangalifu zaidi akijua mstari huo utakuwepo.

Kwa mwandishi nina mengi kidogo. Usiuze haki zote za kazi yako kwa malipo ya mara moja. Uza haki ya kuchapisha kwanza, baki na picha zako na sauti zako, kwa sababu safari moja ya Kondoa inaweza kutoa makala ya historia, ya chakula, ya ardhi na ya kutembea kwa miguu, kwa wasomaji wanne tofauti. Mlipe mwongozaji kabla hujajilipa, na ulitaje jina lake kwenye makala akikubali, kwa kuwa nusu ya unachokijua kimetoka kwake. Jiunge na NSSF kama mwanachama wa hiari aliyejiajiri, na usiende porini bila bima ya afya. Najua inavyosikika kwa mtu ambaye hajalipwa makala ya mwezi uliopita. Lakini mwajiriwa akivunjika mguu Thawi mshahara unaendelea kuingia, nawe ukivunjika mguu kipato kinakatika siku hiyohiyo.

Klabu za waandishi za Dodoma na Singida nazo zina nafasi. Zimekuwa zikiendesha mafunzo mengi ya ukumbini. Fedha ya mafunzo mawili ya hoteli ingewapeleka waandishi kadhaa Kolo, Haubi na Kilimatinde kwa wiki nzima, wakarudi na kazi za kuchapishwa badala ya vyeti.

Na msomaji yupo. Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, safari iliyokuwa ya kutwa nzima kwa basi ikawa ya saa chache. Kuna familia zinazopanda treni Ijumaa jioni bila kujua Jumamosi zitafanya nini Dodoma zaidi ya kununua zabibu na kuangalia majengo. Wanasoma Kiswahili. Wanataka kujua bodaboda ya Kolo inagharimu kiasi gani, kama mtoto wa miaka minane anaweza kupanda kile kilima, kama kuna choo, kama mama mkwe atapata pa kukaa kivulini. Jarida la London halitajibu maswali hayo hata siku moja. Anayeweza kuyajibu ni mwandishi wa hapa aliyelipiwa nauli na mtu ambaye hauzi vyumba.

Mvua za mwaka zinaisha Aprili. Mwisho wa Juni Bunge linavunja kikao, kumbi zinapungua, njia za vijijini zimekauka na upepo wa kipupwe unafanya kutembea mchana kuwezekane. Mhariri anayetaka makala ya Kondoa ya Agosti aagize Mei, asaini barua ya utambulisho Juni, na nauli iingie kwenye simu ya mwandishi kabla ya wiki ya kwanza ya Julai.